Cheti cha Uwajibikaji na Dume Aitwaye Meneja

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Siku kubwa! Bodi imekaa. Wajumbe watatu kwenye benchi, mimi juu ya gunia la mashudu, kwa sababu katibu wa Kampuni ya Mafuta ya Alizeti hapa Gitting hana kiti. Wala meza. Wala chumba. Nilikuwa Karani Mkuu wa shamba la mkonge Korogwe, miaka thelathini na minne, nikiwa na meza ya mvule na kengele ya kumwitia tarishi. Shamba likauzwa, meza ikauzwa nalo. Huu ni mwaka wa tano tangu nirudi Hanang, na kumbukumbu za vikao naziandikia juu ya goti.

Mwenyekiti wetu, Hamis, mwenye duka Katesh, amesoma barua kutoka Arusha. Kuna mradi wa wafadhili utakaokagua bure kampuni ndogo za mkoa wetu mpya wa Manyara. Kampuni ikifaa, itasaidiwa kutafuta cheti cha uwajibikaji kwa jamii na mazingira. Barua inasema hoteli za watalii za njia ya Karatu siku hizi zinapenda kununua mafuta kwa mwenye cheti. Mkaguzi atafika Jumatano ya wiki ijayo. Tarehe 16 bodi itapiga kura: tukitafute cheti, au tuachane nacho.

Modest, fundi wa mashine na mjumbe wa bodi, amesema tuachane nacho. Anataka mashine ya pili, na chumba cha mbele kiwe stoo ya magunia. Akasema cheti hakikamui alizeti. Wamecheka. Mimi sikucheka. Nimesimama nikaeleza kwamba cheti kinahitaji Mratibu, Mratibu anahitaji ofisi, na ofisi ni chumba kile cha mbele. Hamis akauliza Mratibu huyo atakuwa nani. Nimesema hilo tuliachie bodi. Nikatazama mabati.

Mjumbe wa tatu ni Genoveva, anayewakilisha wakulima. Yeye ameuliza habari ya maji. Maji ya kuoshea mapipa yanateremka mtaroni hadi kwenye chemchemi ya akina mama, na tangu mavuno yaanze ndoo zinapanda na mafuta juu. Nimeandika chini ya Mengineyo.

Chumba kile kina dirisha. Nimelipima kwa rula: futi tatu kwa mbili. Linatazama chini, uwandani, kwenye mashamba ya ngano. Kushoto kwa mti mmoja uliobaki palikuwa na boma la baba yangu. Nilikuja likizo mwaka 1974, nikakuta trekta linalima pale pale. Sababu hii ya kukitaka chumba sijamwambia mtu. Naiandika hapa tu.

Hesabu ya kura: Modest hapana. Hamis atakwenda na walio wengi. Kwa hiyo namhitaji Genoveva.

Jumanne, 3 Agosti

Nimeandika Sera ya Mazingira. Kurasa kumi na nne! Wino wa kijani, kwa kuwa kijani ndiyo rangi ya mazingira. Sentensi bora iko ukurasa wa pili: "Kampuni itayaheshimu maji, hewa, udongo na viumbe wote wasio na sauti." Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Marieta, mke wangu, aliuliza kama katika viumbe wasio na sauti yeye yumo, maana paa la jiko ameniambia nilizibe tangu Pasaka. Niliendelea kuandika. Watu wa sera hawakatizwi.

Nimeibandika sera mashineni, karatasi zote kumi na nne, kwa gundi ya unga wa ngano.

Alhamisi, 5 Agosti

Panya wamekula ukurasa wa tisa hadi wa kumi na moja. Gundi!

Leo sanduku la maoni. Fomu ya mradi inauliza: je, jamii ina njia ya kuleta malalamiko? Sasa inayo. Sanduku la mbao, tundu juu, kufuli pembeni. Nimelitundika saa mbili asubuhi nikakaa juu ya gunia kungoja. Hadi saa kumi jioni, hakuna kitu. Mtu mmoja alisimama mbele yake muda mrefu, nikapata matumaini. Alikuwa anaegemea tu.

Sanduku tupu litaonyesha kwamba hatuna jamii. Nimeandika barua tisa mwenyewe. Mbili kwa mkono wa kushoto, kama wakulima. Moja na makosa ya makusudi, kama kijana wa sekondari. "Sisi wananchi tumeridhika mpaka tumechoka." Wino ni ule ule wa kijani, sina mwingine. Hakuna atakayegundua.

Jumamosi, 7 Agosti

Vifaa vya usalama. Nimeazima kofia ngumu moja kwa mtu aliyewahi kufanya kazi ya barabara, nikamkabidhi Modest mbele ya vibarua. Alinishukuru kwa heshima, heshima iliyozidi kiasi. Jioni nimeikuta nyumbani kwake imegeuzwa juu chini, kuku wanakula pumba ndani yake. Nikamwuliza maana yake nini. "Viumbe wasio na sauti, mzee wa mkonge," akasema. Kwa hiyo amesoma sera hadi ukurasa wa pili! Ni yeye peke yake. Inauma kwamba ni yeye.

Genoveva amekuja tena kwa habari ya maji. Anasema dawa ni shimo: lichimbwe juu ya chemchemi, litiwe kokoto na mchanga, maji ya mapipa yachujike humo kwanza. Jembe, sururu, siku chache. Nimemweleza kwa upole kwamba shimo halitoki vizuri kwenye picha. Akanitazama kama mtu anayetazama dawa iliyopitwa na tarehe, akaenda zake.

Hata hivyo amenipa wazo. Chemchemi!

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani. Nilitaka kwaya ije imwimbie mkaguzi. Mwalimu wa kwaya amesema Jumatano wako Dongobesh kwenye jubilei ya padri. Nikamfuata Genoveva mlangoni. Nimemwambia kampuni ingependa kuona wanawake wa hapa wakija kwa wingi siku hiyo, kwa hiari yao, waimbe kwa kilugha. Mkaguzi ni mtu wa mjini, atapenda. Akasema wanawake wa huku hawaji kwa wingi bila sababu. Nimemwambia sababu nitaitafuta.

Jumatatu, 9 Agosti

Imekamilika! Nguzo kumi na mbili, senyenge mistari minne, lango, kufuli. Chemchemi imezungukwa yote. Bango nimeliandika mwenyewe: CHEMCHEMI HII INALINDWA NA KAMPUNI. USICHOTE BILA KIBALI. Ufunguo ninao mfukoni. Nitaifunga hadi Jumatano, ili mafuta yaliyo juu yajiondokee, mkaguzi aone maji kama kioo.

Saa kumi na moja akina mama walifika na ndoo. Nimewaeleza kuhusu viumbe wasio na sauti. Wamesikiliza hadi mwisho. Kisha wakageuka wote pamoja, wakaenda kuchota kijito cha ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwenda tu, na upepo huu wa Agosti. Hakuna aliyegomba. Hakuna hata aliyejibu salamu yangu ya kuagana. Ushirikiano mzuri kabisa!

Jumanne, 10 Agosti

Habari njema. Wanawake wote wamekutana tangu asubuhi kwenye uwanja wa juu, wale wa Gitting na wengine waliotoka hadi Hirbadaw. Wanaume hawaruhusiwi kusogea. Mazoezi! Nimewaona kwa mbali akina bibi wakipita na fimbo zao. Kumbe kutakuwa na mchezo wa fimbo pia.

Marieta naye alikwenda. Nimekula kiporo cha juzi, baridi. Aliporudi nimemwuliza wamefanya mazoezi ya nyimbo ngapi. Akasema wimbo ni mmoja. Nikamwuliza unahusu nini. Akasema maneno ya mkutano ule hayasemwi kwa mwanamume. Nimependa. Kazi ya sanaa lazima iwe na siri.

Modest alipita akaniambia, safari hii bila kucheka, nifungue lango usiku huu huu. Wivu.

Jumatano, 11 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu na robo gari la mradi limefika. Mkaguzi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Violeth, koti la mjini, faili mkononi. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akianza na mimi. Marahaba! Nikaona mambo ni mepesi.

Sera aliisoma akiwa amesimama. Akauliza ukurasa wa tisa uko wapi. Nimesema unapitiwa na wadau. Akamwuliza kibarua mmoja sera inasema nini. Kibarua akasema inasema zisiondolewe karatasi ukutani. Kofia ngumu aliikuta na manyoya. Akaniomba nifungue sanduku. Akazipanga barua tisa mezani, yaani kwenye pipa, moja moja kama karata, akazitazama, akaitazama kalamu iliyo kwenye mfuko wa shati langu. Barua ya kumi sikuijua. Ilikuwa ya penseli: "Paa la jiko linavuja." Akaniuliza kama paa hilo ni la kampuni. Nimesema tutalifanyia kazi.

Saa nne wakaja.

Zaidi ya sitini. Walikuja kimya, kila mmoja na fimbo, Genoveva mbele, na bibi kizee mmoja kando yake. Nikamwambia Violeth kwa fahari: ushirikishwaji wa jamii! Modest alizima mashine. Akavua kofia yake ya kitambaa, akasimama nyuma ya mapipa. Hamis, ambaye wazee wake walitoka Kondoa na mambo ya kilugha hayajui, alininong'oneza, "Katibu, hawa wameleta alizeti au wameleta kesi?"

Wakaimba. Violeth akaniuliza wanasema nini. Kilugha changu kina kutu ya miaka mingi, niliingia bweni mtoto mdogo, kisha Korogwe. Nimemwambia wanasema karibu mgeni, maji yetu sasa ni salama. Akaandika. Wakaimba tena, na safari hii nikasikia jina langu. Nimemwambia wananishukuru kwa jina. Akaandika. Bibi kizee akainua fimbo, akaimba peke yake, wengine wakaitikia, na kutu ikaanza kubanduka neno kwa neno. Nikaelewa yote:

Titi la mama limefungwa kufuli,
ufunguo uko kwenye suruali ya Isidori.

Violeth akauliza na hayo je. Nimesema ni wimbo wa mavuno.

Akafunga faili. Akamwendea yule bibi kizee, akapiga goti, akamwamkia kwa kilugha safi kuliko changu, wakaongea, wakashikana mikono. Amelelewa na bibi yake Hirbadaw! Miaka yote ya shule ya msingi! Na mimi nilimkaribisha kwa kumweleza mlima wetu unaitwaje.

Kisha wanawake wakaketi chini, wote, kuanzia mlango wa mashine hadi mlango wa nyumba yangu. Hawakuinuka tena.

Alhamisi, 12 Agosti

Bado wameketi. Wamelala hapo hapo na mablanketi. Marieta yumo miongoni mwao, mstari wa pili. Nilimwomba chai kwa ishara. Akatazama pembeni.

Sasa nakumbuka. Nikiwa mdogo, kule uwandani, wanawake waliketi hivi mlangoni kwa jirani yetu aliyemkosea mama mzazi. Baba alitufungia ndani, akasema mambo hayo hayatazamwi. Ni baraza lao. Mwanamume akiwaonea wanawake, wanakaa, wanahukumu, na hakuna mzee wala diwani wa kupinga. Mtu hupona kwa kutoa dume jeusi la ng'ombe. Asipotoa, hakuna atakayempa moto wala salamu. Marobota ya mkonge yalifuta kitu kikubwa namna hii kichwani mwangu! Nilikumbuka mti tu.

Dume jeusi ninalo moja. Linaitwa Meneja. Nimelilea tangu ndama, kwa kumbukumbu ya cheo ambacho shirika la mkonge lilikuwa karibu kunipa. Nimetuma neno: je, watakubali mbuzi wawili na nakala ya sera? Genoveva amerudisha jibu kwamba sera niwape mbuzi.

Saa nane mchana nimetoka na ufunguo mkono mmoja, kamba ya Meneja mkono mwingine. Bibi kizee alivipokea vyote. Meneja wakamchinja juu kwenye uwanja wao, wakala wenyewe, kama ilivyo desturi, mwanamume haonji. Harufu ilishuka hadi kwangu. Violeth, ambaye bado hajaondoka, alialikwa. Alikula!

Modest amepita akisema amesikia Meneja amestaafishwa. Senyenge imeng'olewa, imeviringishwa, imewekwa ukutani kwangu kwa utaratibu mzuri.

Jumatatu, 16 Agosti

Bodi. Hamis ameleta ripoti kutoka Katesh. Nililazimika kuisoma mwenyewe, maana mimi ndiye katibu.

Mazingira: bado, kampuni inachafua chemchemi. Usalama kazini: kofia moja, inatumiwa na kuku. Sera: ndefu, haijulikani kwa wafanyakazi. Sanduku la maoni: barua tisa za mtu mmoja, moja ya mke wake. Hapo nikakohoa. Njia ya jamii kuleta malalamiko: ipo, ya kale, kila mtu anaijua, inasikilizwa siku hiyo hiyo na ina meno. Mkaguzi hajaona nzuri zaidi. Anashauri kampuni iendelee kutafuta cheti, mradi ichimbe shimo la kuchujia na baraza la wanawake liulizwe kabla ya jambo lolote linalogusa maji.

Kura. Genoveva ndiyo. Hamis ndiyo. Nikamtazama Modest. Akasema mashine ya pili itangoja, mama yake naye anachota pale. Ndiyo! Kura tatu! Nimesimama, nimefunga kifungo cha koti, nikasema niko tayari kuubeba mzigo wa Uratibu.

Mratibu ni Genoveva. Chumba amepewa yeye. Kazi ya kuchimba shimo nimepewa mimi, na Modest ataleta kokoto.

Baada ya kikao Genoveva alikuwa anafagia chumba. Akaniita. "Baba Patriki, njoo utazame dirishani kidogo. Marieta ameniambia." Kumbe Marieta anajua! Sijawahi kumwambia. Nimesema nina haraka, naenda kutafuta sururu. Nilikwenda. Nilizunguka nyuma ya mashine kwanza, nikasimama huko kitambo.

Jumamosi, 21 Agosti

Shimo limekwisha. Siku tano. Mikono imechubuka, mgongo si wangu tena. Modest alileta kokoto, akasema ninachimba kama karani, pembe nne zote sawa kama daftari. Lakini alishuka akashika koleo, hakupanda hadi jioni, siku mbili mfululizo.

Leo maji ya mapipa yameingia meusi, yakatoka upande wa pili meupe. Genoveva alichota ya chemchemi, akayanusa, akayaonja, akajitwika ndoo. Akasema, "Asante, baba Patriki." Basi. Akaondoka. Nikaketi ukingoni, juu ya udongo nilioutoa.

Kutoka pale uwanda unaonekana wote. Si futi tatu kwa mbili. Wote! Ngano imekwisha kuvunwa, ardhi ni ya kahawia, mti umesimama na kivuli chake kushoto, mahali lilipokuwa lango la ng'ombe wa baba. Nimekaa mpaka kivuli kikafika pale hasa. Sikutaka kitu kingine.

Kisha nikapata wazo!

Shimo zuri namna hii haliwezi kuachwa hivi hivi. Mkaguzi atarudi mwakani. Na senyenge ninayo, imeviringishwa tayari. Kufuli ninalo, la sanduku la maoni. Nguzo kumi na mbili. Bango: SHIMO HILI LIMEASISIWA NA I. MARGWE, MWANZILISHI WA UWAJIBIKAJI. Na kiti kimoja ndani, cha mwanzilishi. Njia ya ndoo itakatika kidogo tu, akina mama watazunguka hatua mia mbili hivi, nao wamezoea kutembea. Hakuna haja ya kuwasumbua na baraza kwa jambo dogo.

Marieta amenikuta nikipima kwa rula. Hakuuliza napima nini. Aliuliza kama nimesahau yule ndama dume aliyezaliwa mwezi wa nne ana rangi gani. Nikasema mweusi, kama baba yake Meneja. Akasema vizuri, basi ataanza kumnenepesha mapema.

Nimefurahi. Hatimaye mke wangu ameanza kupanga mambo ya mbele.